Jinsi ya Kutofautisha Ala za Shaba na Ala za Mbao

Ukitaka kujua kama ala ya kupuliza ni ya jamii ya shaba au ya mbao, usianze kwa kuangalia imetengenezwa kwa kitu gani. Saksafoni, ambayo Mbelgiji Adolphe Sax aliisajilia hataza mjini Paris mwaka 1846, ina mwili wa shaba lakini huhesabiwa miongoni mwa ala za mbao, ilhali serpenti, ala ya zamani ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi, huwekwa kundi moja na tarumbeta.

Angalia kwanza mahali ambapo mdomo unagusana na ala, kwa maana hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ukikuta kikombe kidogo cha chuma ambacho midomo yote miwili hukiegemea, hiyo ni ala ya shaba, na kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Jaribu bila ala: fumba midomo, kaza pembe zake bila kujaza hewa mashavuni, kisha sukuma pumzi mpaka midomo ivume kama nyuki. Ukikuta ulimi mwembamba wa tete uliofungwa kwenye kipulizio, kama wa klarineti, au ndimi mbili zilizobanwa pamoja, kama za obo na basuni, hiyo ni ya mbao. Filimbi haina ulimi wala kikombe. Pumzi hugonga ukingo wa tundu na kupasuka, nayo pia ni ya mbao hata ikiwa ya fedha tupu.

Kisha tazama kazi ya vidole. Mpiga klarineti anapofungua matundu kuanzia chini, safu ya hewa inayotetemeka hufupika na sauti hupanda. Kwenye tarumbeta mambo ni kinyume, na hapa wanaoanza hutatizika: kubonyeza vali, yaani vile vitufe vitatu vya juu yake, huongeza urefu wa bomba, hivyo sauti hushuka. Vali ya pili hushusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, na ya tatu toni moja na nusu. Tromboni hufanya kazi hiyohiyo kwa mkono wa kuteleza wenye nafasi saba. Hata hivyo, bila kubonyeza chochote, tarumbeta hutoa noti kadhaa, za chini midomo ikilegea na za juu ikikazwa.

Ukiwa bado na shaka, uliza sauti inatokea wapi. Katika tarumbeta karibu yote hupitia mdomo mpana wa mbele, ndiyo maana kizibo kinachotiwa hapo huibadilisha kabisa. Katika klarineti sehemu kubwa hutoroka kupitia matundu yaliyo wazi, kwa hiyo ukiziba mwisho wake utaathiri hasa noti za chini kabisa, na nyingine zitaendelea kusikika karibu kama kawaida.