Lini Umvike Farasi Blanketi na Lini Umwache Bila Kitu

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapotanda juu ya Limuru, Molo na Kinangop na watu wakaanza kutembea wamejikunyata ndani ya makoti, swali lile lile huulizwa mabandani: je, farasi naye avikwe? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kuwalisha, kuwasugua na kuwavalisha, ni kwamba farasi mzima mwenye afya, ambaye hajanyolewa, anayepata nyasi za kutosha na aliye na mahali pa kuukimbia upepo, kwa kawaida hahitaji blanketi katika nyanda za juu za Kenya. Anayeamua kumvika sharti awe na sababu anayoweza kuitaja, na pia awe na mtu atakayelivua blanketi hilo asubuhi. Sharti hili la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, na madhara mengi niliyoyaona yametokana na kulisahau.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikiwavika farasi wote kila nilipoona pumzi yangu ikitoka kama moshi. Saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, aliyenizidi umri kwa miaka thelathini au zaidi, alinitazama siku kadhaa bila kusema neno, kisha akaniambia, "Kijana, huyo hasikii baridi. Baridi unaisikia wewe." Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," lakini sikumwelewa hadi nilipojifunza jinsi mwili wa farasi unavyofanya kazi.

Farasi mzima aliyetulia huwa na joto la mwili la kati ya nyuzijoto 37.5 na 38.5, na katika hali ya hewa ya wastani anaweza kulidumisha bila jitihada yoyote ya ziada hewa inapokuwa kati ya nyuzijoto 5 na 25 hivi. Mtu asiyevaa nguo huanza kutetemeka mapema zaidi, kwa hiyo ngozi yetu ni kipimo kibaya cha hali ya mnyama huyu. Farasi waliozoea majira ya baridi ya Kanada huvumilia hata nyuzijoto 15 chini ya sifuri, ilimradi wawe wakavu na wameshiba. Sasa linganisha na kwetu: Nairobi katika mwezi wa Julai usiku hushuka hadi nyuzijoto 11 au 12, na mchana hupanda hadi 21 au 22. Molo, iliyo mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, ni baridi zaidi, na Kinangop sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana juu ya majani alfajiri. Lakini hata huko farasi mkavu mwenye manyoya yake bado yuko ndani ya uwezo wake au karibu sana na mpaka wake.

Uwezo huo una sehemu kadhaa. Manyoya husimama na kunasa hewa karibu na ngozi, mafuta ya ngozi huyafanya maji ya mvua yateleze, na tabaka la mafuta chini ya ngozi huzuia joto kutoroka. Kubwa kuliko yote ni utumbo mpana, ambamo vijidudu huchachua nyasi usiku kucha na kutoa joto jingi, kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Ndiyo maana usiku wa baridi kali jambo la kwanza kufanya ni kumwongezea farasi nyasi kavu. Nafaka hazichachuki kwa namna hiyo, na debe la shayiri halitamletea joto linaloletwa na robota la nyasi. Blanketi jepesi, kwa upande wake, linaweza hata kumdhuru kwa sababu huyalaza manyoya na kuiondoa ile hewa iliyonaswa, kisha lenyewe lisitoe joto la kutosha kufidia kilichopotea.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo iliyoandikwa Uingereza hailigusi. Huko, farasi huanza kuotesha manyoya ya baridi siku zinapoanza kufupika baada ya Juni, kwa kuwa macho yake hupima urefu wa mchana na mwili hujiandaa mapema. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo manyoya ya farasi wetu hayawi mazito kama ya mwenzake wa Scotland. Kwa sababu hii sisemi kwamba blanketi halina kazi hapa. Nasema liangaliwe farasi kwa farasi, kwani katika banda moja unaweza kuwa na farasi mdogo wa Kisomali mwenye manyoya yaliyosongamana, na kando yake farasi wa mbio aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, ngozi yake nyembamba hata mishipa ya damu inahesabika.

Wa kuvikwa bila mjadala ni farasi aliyenyolewa ili asitoe jasho jingi kazini, kwa sababu umemvua koti lake na ni wajibu wako kumpa jingine. Yumo pia mzee ambaye meno yameisha na mwili unakonda, mgonjwa anayepona, na yule ambaye mbavu zake unaziona kwa macho badala ya kuzigusa tu kwa vidole. Farasi aliye nje kwenye mvua ya mfululizo yenye upepo, bila mti wala banda, huingia katika kundi hilo hata akiwa mnene, maana manyoya yaliyolowa hadi kwenye ngozi hayanasi hewa tena. Naongeza punda, ingawa hakuuliziwa: manyoya yake hayaepushi maji kama ya farasi, na wale wanaobeba maji na mizigo Limuru na Naivasha wangefaidika zaidi na paa la mabati kuliko na maneno yetu ya huruma.

Asiyepaswa kuvikwa ni farasi mnene. Katika maumbile, majira ya baridi ndiyo wakati wa kuyatumia mafuta yaliyolimbikizwa msimu wa nyasi nyingi, na ukimfunika humnyimi baridi tu, unamnyima pia nafasi ya kupungua, ilhali unene huleta ule uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumfanya asisimame kabisa.

Wapo wanaosema farasi mwenyewe angeulizwa, na kwa hakika aliulizwa. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na farasi 23, ambao walifundishwa kwa vipande vya karoti kugusa kwa pua mojawapo ya mbao tatu: yenye mstari wa kulala ilimaanisha "nivike", yenye mstari wa kusimama "nivue", na isiyo na alama "niache nilivyo". Siku za mvua, upepo na baridi wengi waliomba blanketi, na siku za jua wakaomba kuvuliwa. Kinachonivutia ni kwamba waliopenda kuvuliwa hawakuwa wachache, na wamiliki wengi wanaowavika farasi mwaka mzima hawalitaji jambo hilo.

Sasa nirudi kwenye asubuhi. Tofauti kubwa kati ya nyanda zetu na Ulaya ni jua. Usiku unaweza kuwa wa sakitu, na saa nne asubuhi jua la ikweta likawa linachoma mgongo. Mwaka mmoja nilimvika farasi jike wa rangi ya kahawia blanketi la gramu 200 za ujazo, yaani kile kilichojazwa ndani ya kitambaa ili kulete joto, nikamfungulia malishoni alfajiri, nikaenda mjini kutafuta misumari ya viatu vya farasi. Matatu zilichelewa, na nilirudi saa saba mchana. Nilipofungua kifungo cha kifuani mvuke ulinipiga usoni kama wa sufuria iliyofunuliwa. Manyoya yalikuwa yameshikamana kwa jasho, povu jeupe limejikusanya penye mkanda, na alikunywa ndoo nzima bila kuinua kichwa. Farasi wa namna hiyo huteseka mara mbili, kwa joto la mchana na tena jioni, hewa inapopoa huku mwili wake ukiwa umelowa. Tangu siku hiyo sifungi blanketi la usiku kabla ya kujua ni nani atakayelifungua saa mbili, na kama hakuna mtu, farasi analala bila blanketi na anapewa nyasi zaidi.

Katika kuchagua, elewa kwamba gramu zinazoandikwa kwenye lebo ni uzito wa ujazo uliomo katika kila mita ya mraba, wala si uzito wa blanketi zima. Lisilo na ujazo, yaani gramu 0, ni koti la mvua tu. Kwa farasi wa kwetu asiyenyolewa, gramu 0 au 50 zinatosha karibu kila mara anapohitaji kufunikwa. Aliyenyolewa na anayelala Molo au Nanyuki anaweza kufika 100 au 200. Yale ya 300 na zaidi, yanayouzwa na watu wanaohama nchi, waachie wenye theluji, hata bei ikikutamanisha.

Kipimo huchukuliwa kutoka katikati ya kifua, kupitia ubavuni, hadi mwisho wa tako. Waingereza hukitaja kwa futi na inchi, ilhali watengenezaji wengi wa bara la Ulaya hupima urefu wa mgongo kwa sentimita, kwa hiyo usilinganishe namba za lebo mbili bila kuuliza zilipimwa wapi. Blanketi kubwa mno huteleza nyuma na kukaba mabega. Dogo mno huchubua mwinuko wa mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, na kidonda cha hapo huchukua majuma kupona na kumzuia farasi asitandikwe.

Unapolivika, likunje, liweke mbele zaidi ya mahali pake kisha livute kuelekea nyuma, ili manyoya yalale upande wake wa asili. Ukilivuta kuelekea mbele manyoya hupinda na kuwasha usiku kucha. Funga kifua, halafu mikanda ya tumboni iliyopishana, ukiacha nafasi ya kiganja kilicholala, na mwisho mikanda ya miguuni, mmoja ukipitishwa ndani ya mwenzake ili isisugue mapaja. Wakati wa kuvua anza na ya miguuni. Usimwache hata dakika moja akiwa amefungwa miguuni peke yake, kwani akishtuka blanketi litaanguka nyuma na kumsokota, nawe utapigwa mateke.

Kuangalia kama ana joto au baridi, penyeza mkono chini ya blanketi nyuma ya bega. Pakiwa vuguvugu na pakavu, mwache. Unyevu wowote ni ishara ya kuvua au kupunguza. Masikio ya baridi peke yake hayatoshi kuwa ushahidi, lakini akiwa anatetemeka, amekunja mkia na ameupa upepo mgongo, usingoje kushika chochote. Blanketi livuliwe lote angalau mara moja kila siku na farasi apigwe brashi, kwa sababu kupe, mchubuko na kukonda hujificha vizuri chini ya kitambaa.

Farasi aliyelowa, kwa mvua au kwa jasho la polo kule Gilgil, asifungiwe blanketi lisilopitisha hewa. Wazee walikuwa na njia ambayo bado sijaona inayoishinda: hutandika majani makavu ya ngano mgongoni, unene wa kiganja, kisha hufunika kwa gunia la katani na kufunga kwa mkanda. Hewa hupita kati ya majani, unyevu hupanda na kuganda juu ya gunia, na baada ya saa moja hivi unafunua na kukuta mgongo mkavu. Ukimfungia unyevu badala yake, unakaribisha bakteria anayeotesha magamba na kung'oa manyoya kwa vishada, na ambaye jina lake la kisayansi, Dermatophilus congolensis, linatoka jirani, kwa kuwa alielezwa mwaka 1915 katika Kongo ya Wabelgiji. Huambukiza kupitia vifaa, hivyo kila farasi awe na blanketi lake lenye alama yake.

Lipo pia blanketi la wavu, la kuzuia wadudu, na hili kwa maoni yangu lina matumizi mengi zaidi kwetu kuliko lile la baridi. Pange husumbua mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika banda moja la Uingereza, ulionyesha kwamba pange walitua mara chache zaidi kwenye farasi waliovikwa kitambaa chenye milia ya pundamilia kuliko kwenye waliovikwa cheusi au cheupe, ingawa kichwani, ambako hapakufunikwa, tofauti haikuwepo. Maeneo yenye mbung'o epuka rangi ya buluu na nyeusi, ambazo huwavuta. Jioni hadi alfajiri ni zamu ya usubi, wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na kwa ugonjwa huo wavu hupunguza kuumwa tu: chanjo ibaki palepale, na farasi waingizwe ndani kabla ya jua kutua.

Blanketi lisafishwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, maana maji moto huharibu dawa inayozuia mvua, lianikwe hadi likauke kabisa, na lihifadhiwe likiwa limening'inizwa kwenye kamba mbali na ukuta. Langu la mwisho lililokunjwa juu ya magunia ya pumba nililikuta limetobolewa na panya pale hasa shingo inapopita.