Nakili kwanza, chuja baadaye: kutunza picha za kamera

Umetoka harusini Mikindani au kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na kadi imejaa. Usifute hata picha moja kabla hujawa na nakala mbili.

1. Tumia kisoma kadi cha USB 3.0. Ukiunganisha kamera yenyewe kwa waya, betri inaweza kukuishia katikati. Picha ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) 1,000 za megapikseli 24 hula takriban GB 25 hadi 30. Chagua "nakili", kamwe si "kata", maana umeme haupigi hodi unapokatika.

2. Folda iitwe hivi: 2025-08-16_Mikindani_Harusi. Mwaka ukitangulia, kompyuta hupanga tarehe yenyewe. Kama mlipiga kwa kamera mbili, saa zake zilingane, la sivyo bibi harusi atakata keki kabla hajaingia ukumbini.

3. Nakili tena kutoka kwenye kadi kwenda diski ya nje. Linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti, kisha fungua picha kadhaa kwa ukubwa kamili. Kijipicha, ile picha ndogo ya kwenye orodha, hudanganya: kinaonekana kizima wakati nusu ya faili imeharibika. Diski yenye mfumo wa faili wa FAT32 hukataa video inayozidi GB 4. Ifomati kwa mfumo wa exFAT ikiwa bado tupu, kwa kuwa kufomati hufuta vyote.

4. Sasa chuja, tena kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera. Mzunguko wa kwanza weka kando zenye kasoro dhahiri: macho yamefumba, sakafu, fokasi imekosa. Picha ghafi yenye giza kiasi huokoka. Iliyokosa fokasi haiokoki. Mzunguko wa pili, kuza macho hadi asilimia 100 na ubakize moja au mbili kwa kila mkao. Picha ya ukoo usiitupe kwa sababu shangazi mmoja amepepesa. Huenda babu hana nyingine. Kwa sasa zinazobaki ziwekee nyota tu, nyingine uzifute mteja akisharidhika.

5. Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine, hata kwa ndugu Masasi. Hapa pwani, unyevu na chumvi hula viunganishi, kwa hiyo diski iwe kwenye kopo linaloziba, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Mtandaoni pandisha zilizochaguliwa tu, bando lisiteketee. Angalia, usawazishaji (simu na mtandao kulinganishwa vyenyewe) si hifadhi: ukifuta kwenye simu, na mtandaoni zinafutika. WhatsApp nayo hubana picha, hivyo itume kama dokumenti.

6. Kadi ifomati ndani ya kamera yenyewe, nakala zote tatu zikishafunguka.