Bodi ikishatoka, anza na chesisi

Bodi ya gari inaponyanyuliwa ndipo utakapoiona chesisi yote, yaani fremu ya chuma inayoibeba, kwa hiyo usikimbilie kupachika nyingine. Mimi huanza na nyundo ndogo. Nagonga kidogo kidogo toka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia kama kengele, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe bovu. Kagua zaidi juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi, maana tope hujificha humo.

Kisha pima mshazari, kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana, chesisi imepinda. Inyooshe kwanza, la sivyo utakuwa unaukaza upinde wenyewe.

Palipoliwa na kutu kata hadi ufikie chuma safi. Kiraka kiwe na umbo la almasi, unene ule ule wa chesisi. Niliwahi kuweka cha mraba, kinene, nikajisifu. Ufa ukatokea kandokando ya mshono uliosimama wima, kwani mkazo wote ulikusanyika pale. Chomelea vipande vifupi kwa kuhamahama, joto lisiipinde. Tangi la mafuta na betri viwe vimeshatolewa, hilo halina mjadala.

Kutu: brashi ya waya, futa grisi, praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kukinga kutu), kisha rangi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Ndani ya chesisi pulizia nta kwa mpira mrefu, baada ya kuchomelea wala si kabla, nta huwaka. Na matundu ya kutolea maji, tafadhali, usiyazibe.