Jinsi ya Kuchagua Kamera ya Filamu ya Renjifainda Iliyotumika, kwa Bajeti Ndogo

Kamera ya renjifainda haina kioo cha ndani kinachopanda na kushuka kila unapopiga picha. Unatazama kupitia kidirisha kilicho juu ya lenzi, pembeni kidogo, na katikati ya kidirisha hicho mna kiraka kinachoonyesha taswira ya pili ya kitu kilekile. Ukizungusha pete ya lenzi taswira hizo husogeleana, na zikilaliana barabara, fokasi imekamilika. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu leo zilitoka viwandani miaka ya 1960 na 1970, hivyo ni nadra kupata isiyo na kasoro yoyote. Kinachotakiwa ni kujua kasoro ipi itaondoka kwa jioni moja ya kazi na ipi itakula fedha kuliko bei ya kamera yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua ukoo wa kamera kabla ya kuchagua kamera

Leica M3 ya mwaka 1954 na ndugu zake tuziweke kando, kwa sababu bei yake haimo katika bajeti tunayoizungumzia. Zinabaki koo mbili. Wa kwanza ni wa Japani, wenye lenzi isiyobandulika: Canon Canonet QL17 G-III yenye lenzi ya milimita 40 na f/1.7 (namba ya f hupima tundu la lenzi linalopitisha mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), Olympus 35 RC ya milimita 42 na f/2.8, ambayo ni ndogo mno, na Yashica Electro 35 ya milimita 45 na f/1.7. Wa pili ni wa Kisovieti: FED kutoka Kharkiv na Zorki kutoka Krasnogorsk, ambazo lenzi zake hufungwa kwa hesi ya milimita 39, ileile ya Leica za zamani.

Kwa anayeanza, mimi humshauri achukue Canonet au Olympus. Zote mbili hupiga kwa kasi zote za shata, yaani kifuniko kinachofunguka kwa muda mfupi kuingiza mwanga kwenye filamu, hata bila betri, kwa kuwa betri huendesha mita ya mwanga pekee. Yashica ina lenzi nzuri sana, lakini shata yake huongozwa na umeme. Betri ikiisha unabaki na kasi moja tu, 1/500 ya sekunde.

Hatua ya 2: Jaribu shata kwanza

Anza na shata, kwa maana ikiwa imekufa hakuna haja ya kuendelea. Kwenye Canonet, ondoa kwanza pete ya tundu la lenzi katika alama ya A (kamera kujipangia tundu yenyewe), kwa sababu katika hali hiyo kamera hukataa kupiga ikiwa mwanga hautoshi, na watu wengi huidhani mbovu ilhali ni nzima. Kisha fungua mgongo, elekeza lenzi dirishani, na upige kwa kasi ya 1/500, halafu ushuke hatua kwa hatua hadi 1/4. Vibamba vya shata vifunguke na kufunga vyote kwa pamoja. Vikijikokota, au kimoja kikibaki nusu wazi, mafuta yameingia katikati yake. Fundi anaweza kuvisafisha, lakini gharama hiyo iondolewe kwenye bei mapema.

Kwa Yashica, vuta mkono wa kusogeza filamu polepole huku umeweka sikio karibu. Unapaswa kusikia mlio wa “tok” kutoka ndani. Usipousikia, kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani kimeoza, na kukibadilisha kunadai kamera ifunguliwe.

FED na Zorki hutumia mapazia ya kitambaa, ambayo yana adui wake: jua likipenya kwenye lenzi iliyoachwa wazi huweza kukitoboa kitambaa. Toa lenzi, ingia chumba chenye giza, umulike tochi upande wa mbele na utazame kwa nyuma. Matundu yataonekana kama nyota. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kasi ya shata katika kamera hizi hubadilishwa baada ya kuvuta filamu, kamwe si kabla, vinginevyo mashine huweza kuharibika. Muuzaji akiigeuza kasi ovyo mbele yako, kuwa na shaka na alivyoitunza.

Hatua ya 3: Pima renjifainda yenyewe

Tazama mnara wa simu au jengo lililo mbali, kilomita moja hivi, huku lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Taswira mbili zilaliane. Kisha simama mita mbili kutoka ukutani, ukipima kuanzia pale filamu inapokaa, ulinganishe fokasi, na usome kipimo kwenye lenzi. Ikiwa taswira zimepishana kidogo, kwa kawaida fundi hurekebisha kwa skrubu. Kiraka kilichofifia hata hakionekani mchana ni jambo jingine, kwa sababu kioo cha ndani kimechakaa. Kipande kidogo cha selotepu nyeusi katikati ya kidirisha cha mbele husaidia kukikoleza, lakini si tiba.

Hatua ya 4: Mulika lenzi

Fungua tundu la lenzi kikamilifu na upitishe mwanga wa tochi kwa mshazari. Vumbi na mikwaruzo midogo visikusumbue. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama mizizi ni kuvu, ambayo hupenda unyevu, na kamera iliyokaa kabatini miaka mingi Mombasa, Tanga au Unguja ichunguzwe mara mbili. Kuvu iliyokwisha kula kioo haisafishiki.

Hatua ya 5: Betri na sponji

Hizi ni kasoro za kusamehe. Sponji za mlango wa nyuma zilizogeuka kama lami hufutwa kwa spiriti na kubandikwa mpya. Betri za zebaki za volti 1.35 zilizotumiwa na Canonet na Olympus hazitengenezwi tena; betri ya vifaa vya kusikia namba 675, yenye volti 1.4, hufaa ikiwekewa pete ya kuishika isicheze. Ukitia ya volti 1.5, mita hudhani mwanga ni mwingi na picha hutoka nyeusi. Mita ikifa kabisa, juani tumia f/16 na 1/500 kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga).

Hatua ya 6: Bei, kisha filamu moja

Muuzaji akisema hajaijaribu, lipa bei ya kamera mbovu au uondoke. Ukinunua kwa mtandao, omba video ya shata katika kasi ya chini na picha ya lenzi iliyomulikwa. Ukishaipata, piga filamu moja nzima ukiandika kasi na umbali wa kila picha, na uisafishe kabla muda wa kurudisha haujapita. Michirizi myekundu au ya machungwa kwenye filamu ya rangi huonyesha mwanga unavuja mlangoni, nayo ni kazi ya sponji; picha zikipandana, tatizo liko kwenye gia za kuvuta filamu, na hapo mrudishie mwenyewe.