Kijana akikamatwa ugenini: kabla ya kuchanga fedha za dhamana

Simu ikiingia kwamba kijana ameshikwa na polisi, wengi wetu tunakimbilia fedha. Kikundi cha WhatsApp kinaamshwa, mweka hazina anateuliwa, na ahadi zinaanza kumiminika kabla hata haijajulikana kijana yuko kituo gani. Nawasihi wazazi wenzangu mtulie kwanza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, katika nchi nyingi tulizohamia, hakimu hatafuti mfuko wa fedha. Anatafuta mtu mzima atakayesimama mbele yake na kusema: huyu atalala kwangu, nitahakikisha anakwenda shule, na siku ya kesi nitamleta mwenyewe.

Lakini kabla ya hakimu kuna polisi, na hapo ndipo tunapoharibu. Mzazi mwenye nia njema humwambia mtoto, "Waeleze ukweli wote, yaishe turudi nyumbani." Tafadhali usiseme hivyo. Nchini Marekani mtoto ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliamua hivyo katika kesi ya Gerald Gault, kijana wa miaka 15 wa Arizona aliyetuhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Polisi walimchukua wazazi wakiwa kazini, bila kuwaachia taarifa. Kwa kosa ambalo mtu mzima angelipa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa miezi miwili, yeye aliamriwa kukaa katika shule ya urekebishaji hadi afikishe miaka 21. Kwa hiyo mfundishe mtoto wako, leo, akiwa bado mezani nawe, kusema kwa adabu: nataka wakili, na sitajibu maswali mpaka afike. Jina na anwani atoe. Na akikupigia akiwa ndani, msizungumzie kilichotokea, kwa kuwa simu hizo kwa kawaida hurekodiwa.

Uingereza mambo yamekaa tofauti kidogo. Kule England na Wales, anayehojiwa akiwa chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia, mara nyingi mzazi, na ushauri wa wakili kituoni ni bure bila kujali kipato chako. Mzazi huitwa, anaulizwa kama wanahitaji wakili, naye kwa kuogopa kuchelewa kazini anajibu hapana. Jibu liwe ndiyo, hata kama mtasubiri saa nyingi. Kule kunyamaza kunaweza kutumiwa dhidi ya mshtakiwa ikiwa baadaye mahakamani atategemea jambo ambalo hakulitaja alipohojiwa, kwa hiyo uamuzi wa kusema au kunyamaza aufanye baada ya kushauriana na wakili.

Turudi Marekani, ambako utaratibu unawachanganya watu wengi zaidi. Mtoto akishafikishwa katika kituo cha kuwazuilia watoto, afisa anayempokea anaweza kumkabidhi kwa mzazi siku hiyo hiyo. Asipofanya hivyo, kesi ya kuamua kama atabaki ndani husikilizwa upesi, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu za kazi kulingana na jimbo. Katika mahakama nyingi za watoto hakuna dhamana ya fedha kabisa. Jaji anajiuliza maswali mawili: je, atarudi mahakamani, na je, kuna hatari atatenda kosa jingine akiachiwa? Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1984 katika kesi ya Schall dhidi ya Martin, sababu hiyo ya pili inatosha kumweka mtoto rumande kabla hajapatikana na hatia.

Kwa hiyo nenda na mpango, tena ulioandikwa. Kama unafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, jaji atataka kujua nani yuko na mtoto saa 6 usiku. Mjomba au shangazi atakayekuja kulala aje mahakamani kwa miguu yake, aonekane. Beba barua ya shule yenye mahudhurio, barua ya kocha, ya imamu au mchungaji, ya mwajiri kama kijana anafanya kazi. Kama mlalamikaji ni jirani, au mtu wa nyumba hiyo hiyo, tafuta mapema ndugu mwenye nafasi mtaa mwingine, maana kumrudisha pale pale ni kumpa jaji sababu ya kukataa. Vyote hivi mpe wakili kabla kesi haijaitwa. Omba mkalimani wa mahakama kama Kiingereza cha kisheria kinakupita. Usikubali mtoto akutafsirie kesi yake mwenyewe.

Kuna jambo linalowagusa hasa waliopitia kambi za wakimbizi. Wengi waliandikishwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na mwaka wenyewe ulikisiwa. Kijana wa miaka 16 anaweza kusomeka kwenye karatasi kuwa na 18, akapelekwa na watu wazima. Mweleze wakili jambo hili faraghani kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, kwa sababu kurekebisha umri kunagusa pia faili la uhamiaji.

Akiachiwa huja masharti: muda wa kuwa ndani usiku, kutomkaribia mlalamikaji, kwenda shule bila kukosa, pengine kifaa cha kufuatilia kinachofungwa mguuni. Sharti la kutowasiliana linahusu pia ujumbe wa simu, mitandao ya kijamii na salamu za kupitia rafiki. Kama sharti halitekelezeki nyumbani kwako, wakili aseme pale pale mbele ya jaji. Ni rahisi kulibadilisha kuliko kueleza baadaye kwa nini limevunjwa.

Kanada sheria ya vijana, inayotumika tangu mwaka 2003 kwa walio na miaka 12 hadi 17, inamtaka jaji aulize kama kuna mtu mzima wa kuaminika aliye tayari kumchukua kijana kabla ya kumweka ndani. Uwepo wako chumbani ni jibu la swali hilo.

Fedha zina mahali pake, hasa kijana anapopelekwa mahakama ya watu wazima. Majimbo ya Marekani ya Texas, Georgia na Wisconsin humhesabu wa miaka 17 kuwa mtu mzima katika kesi za jinai, na makosa mazito yanaweza kuwavusha hata wadogo zaidi katika majimbo mengine. Hapo utakutana na wafanyabiashara wa dhamana, wanaokuwekea dhamana mahakamani kwa malipo. Kwa kawaida wanatoza asilimia 10 ya kiasi kilichopangwa, na hiyo hairudi hata kesi ikifutwa. Ukiweka kiasi chote mahakamani mwenyewe, hurudishwa kesi ikiisha, pengine baada ya makato, mradi kijana hakuruka dhamana. Illinois iliondoa dhamana ya fedha tarehe 18 Septemba 2023. Kwingineko, kabla ya kuchangisha, wakili aombe kiasi kipunguzwe.

Kesi ya Kalief Browder inaniuma kila ninapoitaja. Alikuwa na miaka 16 alipokamatwa Bronx, jijini New York, mwaka 2010 kwa tuhuma ya kuiba begi. Dhamana ilikuwa dola 3,000, familia haikuwa nazo. Baadaye jaji aliifuta kabisa na kuamuru abaki ndani bila dhamana, kwa kuwa kijana alikuwa chini ya uangalizi kwa kosa la awali. Alikaa katika jela ya Rikers Island takribani miaka mitatu, mashtaka yakafutwa mwaka 2013, naye alijiua mwaka 2015. Mwambieni wakili mapema kama kuna kesi ya zamani, hata iliyoonekana ndogo.

Mwisho kuna uhamiaji. Marekani, uamuzi wa mahakama ya watoto kwa kawaida hauhesabiwi kuwa hukumu ya jinai mbele ya uhamiaji, ilhali wa mahakama ya watu wazima unahesabiwa. Tangu mwaka 2010 wakili wa jinai anawajibika kumshauri mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. Kwa asiye na karatasi hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Januari 2025 inataka awekwe kizuizini hata kwa kushtakiwa tu kwa wizi, na ICE, idara ya Marekani inayokamata na kufukuza wahamiaji, inaweza kuomba jela imshikilie hadi saa 48 zaidi ili imchukue. Ukilipa dhamana bila kuuliza, unaweza kumtoa mkono mmoja ukamkabidhi mwingine. Wakili wa jinai na wa uhamiaji wazungumze kabla fedha hazijatoka. Ubalozi mnaweza kuuita, ila kama familia imeomba hifadhi kwa kuikimbia serikali hiyo hiyo, msiupigie mpaka wakili wa uhamiaji aseme.