SOMO: Mtindi mzito usiotoa maji

Wiki hii nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini mtindi unatoa maji. Naandika hapa, tuelekezane hapa.

1. Chemsha lita 2 za maziwa. Hata kama mwenye ng'ombe unamwamini: ugonjwa wa kutupa mimba humpata na mnywaji.

2. Yapoe mpaka kidole kivumilie ukihesabu hadi 10, nyuzi 43 hivi.

3. Koroga vijiko 4 vya mtindi wa kuanzishia, yaani mbegu. Hapa niliharibu miezi mingi. Nilikuwa nachota kwenye bakuli lililokaa siku 4. Kila mzunguko ukazidi ukali, ukawa mwepesi, maji ya njano yakaelea juu. Kwenye mbegu mna bakteria wawili wanaolishana. Streptococcus thermophilus, mviringo kama shanga zilizotungwa, hutangulia, akatoa asidi ya fomiki na kaboni dioksaidi. Lactobacillus bulgaricus, kama kijiti, huvitumia. Naye huikatakata protini ya maziwa, kazi ambayo shanga nyingi haziiwezi. Ukali ukizidi, shanga huzimia kwanza, kijiti huendelea kuchachusha. Ukichota wakati huo umebeba mbia mmoja. CHOTA mtindi wa jana, kabla haujawa mkali. Kuongeza vijiko hakuponyi mbegu mbovu.

4. Hotpoti, blanketi, muda wa saa 5 hadi 6. Usitikise. Dodoma ya Julai na upepo wake, pasha hotpoti kwanza kwa maji moto.

5. Friji.

MASWALI

— Vijiko vingapi mkuu?
Hatua ya 3.

— Nimeweka mbegu yakiwa ya moto, hayajaganda. Somo lina kasoro.
Umeua mbegu. Hatua ya 2 ipo pale pale.

— Kwa nini kila bakteria asijitegemee?
Umeuliza vizuri, dada. Peke yake kila mmoja hugandisha, ila polepole. Wameishi kwenye maziwa vizazi na vizazi, na chakula anachokiacha jirani kipo bure. Jeni (maelekezo ya urithi) ya kujitengenezea chakula hicho ikiharibika, mwenyewe haumii, tena anaokoa nguvu, na uzao wake unaenea. Jenomu ya bulgaricus, yaani jeni zake zote, iliposomwa mwaka 2006 ilikutwa na jeni nyingi zilizokufa, na uwezo wa kutengeneza amino asidi nyingi, vipande vinavyojenga protini, umepotea. Hakuna aliyekusudia kusaidia. Taka ya mmoja imekuwa mboga ya mwenzake.

— Bibi yangu Mpwapwa anagandisha kwenye kibuyu, haweki mbegu.
Mbegu imeshika ukutani mwa kibuyu. Hiyo ni jamii nyingine ya bakteria, wengi zaidi, wanaopenda joto la chumba. Mwambie achemshe, yapoe kabisa, ndipo amimine. Kibuyu asibadilishe.

— Yale maji mimi nakandia maandazi.
Hata mimi. Punguza hamira kidogo uone.