Kwenda Uganda wakati wa Ebola: kabla hujaghairi tiketi, na kabla hujapanda ndege

Wizara ya Afya ya Uganda ikitangaza Ebola, simu zetu sisi tuliozaliwa Uganda na kuishi huku nje hazipumziki. Nyumbani wanauliza kama bado tunakuja. Wenzetu kazini wanauliza kama tulikuwa huko majuzi. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kila mtu anatuma video yake, nyingi za zamani. Na aliyekwisha kulipia tiketi ya Entebbe anabaki njia panda, hajui aghairi au afunge mizigo.

Wengi huanza na swali la kama Uganda ni salama. Swali hilo halikusaidii, kwa sababu ugonjwa haukai nchi nzima na haumfuati kila mtu. Jiulize hivi: naenda kufanya nini, na nitamgusa nani?

Ebola haienei hewani kama korona. Inaambukiza kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mtu ambaye tayari anaumwa, au ya maiti yake. Aliyeambukizwa lakini bado hana dalili hakuambukizi. Dalili hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 21. Kwa hiyo abiria uliyebanana naye kwenye takisi ya Ntinda, mtaa wa Kampala, kama haumwi, si wa kukukosesha usingizi. Virusi hivi hupatikana zaidi kitandani kwa mgonjwa na mahali maiti inapooshwa.

Na hapo ndipo penye shida yetu sisi. Mtalii anayekwenda Bwindi kuona sokwe hapiti wodini wala msibani. Sisi tunaitwa nyumbani kwa sababu mama amelazwa au baba amefariki. Tunashuka Entebbe, tunawekewa mizigo kwenye gari, na kabla hata ya kunywa chai tuko hospitali tumeshika mkono wa mgonjwa. Sababu zile zile zinazotufanya tukate tiketi ya haraka ndizo zinazotupeleka karibu na hatari. Ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla wa "nendeni tu" au "msiende kabisa". Shirika la Afya Duniani halikutaka nchi zifunge safari za Uganda mwaka 2022 wala 2025, na sababu zake ni za msingi, lakini ushauri huo ni kwa serikali. Wewe una safari yako, na jamaa zako.

Ugonjwa gani, wilaya zipi

Soma tangazo lenyewe la wizara, usitosheke na vichwa vya habari. Tarehe 20 Septemba 2022 ugonjwa ulitangazwa Mubende, kama kilomita 150 magharibi ya Kampala. Ulifika katika wilaya 9, zikiwemo Kassanda, Kampala, Masaka na Jinja. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, na 55 kati yao walifariki. Ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Tarehe 30 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Kampala, baada ya kifo cha muuguzi wa hospitali ya Mulago. Mara hiyo wagonjwa walikuwa 14, ukijumlisha na wale ambao vipimo havikuwahi kuthibitisha, waliokufa ni 4, na tarehe 26 Aprili ukatangazwa kwisha. Yote mawili yaliitwa Ebola, lakini aliyekuwa na harusi Mbarara mwaka 2025 na aliyekuwa na msiba Kassanda mwaka 2022 hawakuwa na safari moja.

Ramani isikutulize kupita kiasi, hata hivyo. Wagonjwa husafiri kutafuta tiba. Yule muuguzi wa 2025 alikuwa amefika hadi Mbale, na kwa mganga wa kienyeji pia, kabla ya kurudi Kampala.

Angalia na aina ya kirusi. Milipuko yote miwili niliyoitaja ilikuwa ya aina ya Sudan. Chanjo ya Ervebo, ambayo huenda ulisikia imetumika Kongo, hufanya kazi dhidi ya aina ya Zaire, ile iliyovuka mpaka na kuingia Kasese mwaka 2019. Kwa aina ya Sudan, mwaka 2025 chanjo ilikuwa bado kwenye majaribio. Kama uliwahi kuchanjwa, uliza ulichanjwa ya aina gani kabla hujajiona una kinga. Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola uliotangazwa Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, huambukiza kwa njia hizo hizo, kwa hiyo anayepanga kupitia mpaka wa Mutukula (Tanzania) au Katuna (Rwanda) atumie mwongozo huu huu. Mpox ni habari nyingine: huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kujamiiana kukiwemo.

Na kuna hesabu moja inayosaidia kupanga. Mlipuko hutangazwa kwisha zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili. Mwaka 2022 ilichukua chini ya miezi minne tangu tangazo hadi mwisho; mwaka 2025 chini ya miezi mitatu. Kama safari yako inaweza kusogezwa, isogeze miezi minne. Ukiisogeza wiki tatu utalipia tiketi upya na kukuta mambo yale yale.

Harusi, ugonjwa, msiba

Harusi na kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, ndizo rahisi kuamua. Kama ni wilaya isiyoguswa na unaweza kukaa mbali na wagonjwa, nenda ukitaka. Kama ni wilaya iliyotajwa, ahirisha, na usione haya kuwaambia wazee. Jambo likisogezwa halijavunjika.

Mzazi mgonjwa ni jambo zito zaidi, na hapa usiamue kabla hujapiga simu na kuuliza vizuri. Usiishie kwenye "anaendeleaje". Uliza namna hii: "Mama mdogo, poleni sana na uuguzi. Bibi alianza kuumwa siku gani? Alianza na nini, homa au sukari yake ile ile? Yuko hospitali ipi, na wamempima nini? Nani anamlisha na kumfulia? Kabla hajaugua alikwenda kuzika au kumwona mgonjwa mahali?" Hilo la mwisho liulize kwa upole lakini usiliache, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi. Bibi mwenye sukari ya miaka kumi, amelazwa Fort Portal, hajahudhuria msiba wowote, na ugonjwa uko wilaya nyingine: mimi ningekwenda, tena haraka. Mtu aliyeanza homa ghafla siku chache baada ya kuzika jirani, na jirani mwenyewe alitapika damu: hapo usipande ndege. Waambie nyumbani wasimsogeze wala kumpeleka kwa mganga, wamwone mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au wapige namba ya bure ya wizara, 0800 100 066, timu ije kumchukua. Simu hiyo ya kwako inaweza kuokoa nyumba nzima kuliko mwili wako ukiwa pale.

Msiba ndio unaoumiza zaidi, na sitaki kuupitia juu juu. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi kuliko wakati wowote wa ugonjwa wake. Ndiyo maana timu za afya huzika zenyewe, wakiwa wamevaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na familia ikisimama mbali. Kwetu Waislamu kutoosha maiti ni jambo linalokaa kooni. Kassanda mwaka 2022 watu walifukua mwili uliokuwa umezikwa na timu ili wauoshe na kuuzika upya kidini, na wengi wakaambukizwa. Walifanya hivyo kwa mapenzi na kwa imani, wala siwatukani. Lakini njia ipo: utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mazishi salama unaruhusu tayammum, yaani kutawadhisha bila maji, juu ya mfuko wa maiti, na sala ya jeneza huswaliwa. Zungumza na imamu wenu mapema, na wewe uliye nje useme wazi kwenye kikao cha simu cha familia, kwa sababu mara nyingi wanaotuma pesa za mazishi ndio wanaosikilizwa.

Kama mazishi yako kwenye wilaya iliyotajwa, msimamo wangu ni usiende. Tuma mchango, fuatilia mazishi kwa simu, uje baadaye. Mila zetu hazijatufungia mlango. Kuna arobaini. Baganda wana okwabya olumbe, ambayo hufanywa hata miezi au mwaka baadaye, na huko ndiko mrithi husimikwa. Ukija wakati huo utakaa na watu, utamshika mama mkono bila hofu, utafika kaburini.

Usiangalie kwenda tu, angalia kurudi

Wengi hupima hatari ya huko na kusahau karatasi za huku. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Entebbe ilifungwa kwa abiria tangu Machi hadi tarehe 1 Oktoba. Juni 2021, kwa korona hiyo hiyo, Falme za Kiarabu zilisimamisha abiria kutoka Uganda, na waliokuwa wamekwenda kusalimia wakabaki huko huku kazi zao zikiwa Dubai. Oktoba 2022, kwa Ebola, Marekani iliwaelekeza waliotoka Uganda kupitia viwanja 5 tu vya ndege ili wapimwe. Kwa hiyo kama kibali chako cha kuishi kinakwisha miezi mitatu ijayo, au ombi lako la ukaazi bado liko mezani, usitoke bila kuongea na mwanasheria wako.

Mwulize mwajiri kabla ya kukata tiketi, na upate jibu kwa maandishi. Ndugu zetu wengi Uingereza na Marekani wanahudumia wazee na wagonjwa, na kazi za namna hiyo ndizo zinazoweza kukuzuia kurudi kazini mpaka siku 21 zipite. Je, siku hizo utalipwa? Kama hutalipwa, je, kodi ya nyumba utaitoa wapi? Safari ya wiki mbili imeshakuwa ya wiki tano.

Bima nayo isome mwenyewe. Mikataba mingi haifidii chochote kama uliinunua baada ya serikali ya nchi unayoishi kuonya watu wasisafiri, na mingine haigharimii kumhamisha mgonjwa wa Ebola kwa ndege.

Wilaya nazo hufungwa. Oktoba 2022 Mubende na Kassanda zilifungwa, kukawa na marufuku ya kutoka usiku, na magari ya abiria na ya binafsi yakazuiwa kuingia na kutoka hadi Desemba. Ukikubali kulala kijijini, hakikisha tarehe ya ndege yako inaweza kubadilishwa.

Ukiamua kwenda

Kadi ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo ni ya maisha, lakini cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Kisha malaria. Hapa tunajidanganya sana: tumezaliwa Uganda, tunadhani mwili unakumbuka. Ukikaa nje miaka, kinga inapungua, na malaria itakupata kabla Ebola haijakukaribia. Wakati wa mlipuko hilo ni zaidi ya homa tu. Ukipimwa joto Entebbe siku ya kurudi na kukutwa nalo, hutapanda ndege. Utapelekwa pembeni, damu itachukuliwa, na utangoja majibu. Mwone daktari akuandikie dawa ya kinga, lala ndani ya chandarua, na umalize dozi ukisharudi: doksisaiklini huendelea wiki 4 baada ya kutoka huko.

Ukiwa huko, punga mkono badala ya kukumbatiana. Watu wataelewa, mwaka 2022 Kampala ilizoea. Usizunguke wodi kusalimia wagonjwa wa majirani. Andika kila siku ulikolala na uliyemtembelea, hata kwenye simu.

Ukirudi, pima joto asubuhi na jioni kwa siku 21. Likipanda, usijipeleke hospitali kwa basi wala kukaa foleni. Piga simu kwanza, sema umetoka Uganda, taja tarehe na wilaya, wasomee yale uliyoandika. Na uwaombe wakupime malaria siku hiyo hiyo, kwa maneno ya wazi, kwa sababu daktari wa huku akisikia neno Ebola huenda akashughulika nalo peke yake, na malaria ikichelewa kutibiwa huua.